Harusi za ukumbini sura zinatoka nyeusi tii au za kijivu, ninunue kamera mpya au tatizo ni programu ya kueditia?

DadaLenzi_Tanga

Habari za muda huu wakuu, naombeni msaada maana hili suala linaninyima raha. Napiga picha hapa Tanga, harusi, sendofu, kipaimara, birthday za watoto, kazi naipenda na wateja namshukuru Mungu wapo. Kamera ni Canon 1300D na lenzi ileile iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55, flashi natumia ile inayochomoza juu ya kamera yenyewe. Napiga JPEG halafu naediti Lightroom ya kwenye simu, zikiwa nyingi naazima laptopu ya mdogo wangu ina RAM 4GB.

Nje mchana sina shida kabisa. Tatizo ukumbini. Bibi harusi akiwa na gauni jeupe, gauni linaonekana vizuri lakini uso unazama, nikija kuediti nikauinua ule uso unageuka kijivu kama mtu aliyepauka, unajaa chengachenga. Bwana harusi mwenye suti nyeusi naye ni kinyume, paji la uso linang'aa jeupe mpaka ngozi haionekani. Halafu kuna hizi taa za mapambo za zambarau na bluu, hapo ndio nachoka kabisa. Na kingine, nikipeleka kusafisha picha zinatoka nyeusi kuliko nilivyoziona kwenye kioo.

Nina milioni moja na nusu nimeiweka pembeni kwa ajili ya kazi. Wengine wananiambia 1300D ni kamera ya kujifunzia nitupe ninunue fulfremu (zile zenye sensa kubwa) ya mtumba, wengine wanasema siri yote ni kueditia na wanataka kuniuzia priseti, zile mipangilio ya rangi iliyoandaliwa tayari. Nataka kujua hii pesa niiweke wapi maana nikiipoteza kuipata tena ni kazi.

Pixel_Boy255

Uza hiyo 1300D dada, ongeza hela kidogo chukua mirrorless, zile kamera mpya zisizo na kioo ndani, zina fokasi inayofuata uso yenyewe. Kwenye kueditia ngozi inua mwanga wa rangi ya chungwa mpaka juu, lainisha, mteja akijiona mweupe anafurahi na anakuleta kwa wenzake. Ndivyo soko lilivyo.

FundiMwanga

Dada salama? Usiuze chochote kwanza. Nitakueleza kinachotokea ndani ya hiyo kamera, ukishakielewa utaona mwenyewe pesa inatakiwa iende wapi.

Kamera haijui kama inamtazama bibi harusi au ukuta. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kuamini kwamba chochote kilicho mbele yake, ukikichanganya chote, kinatoa kijivu cha katikati, ile wanayoiita asilimia 18. Sasa mbele kuna shela, gauni, maua meupe, kitambaa cheupe cha jukwaani, kamera inasema eh hapa mwanga umezidi, inapunguza, gauni linakaa sawa na uso wa bibi harusi ambao ulikuwa sawa unashuka chini gizani. Akija bwana harusi na suti nyeusi na nyuma yake giza, kamera inasema hapa mwanga hautoshi, inaongeza, suti inageuka kijivu na paji la uso linaungua. Kwa hiyo hayo matatizo yako mawili ni tatizo moja. Na ukinunua kamera ya milioni kumi ukaiacha ijiamulie yenyewe inaweza kukukosea vilevile, ila kwa picha yenye pikseli nyingi zaidi.

Dawa yake, zungusha kile kigurudumu kiende M, yaani mwanga unaupanga wewe mwenyewe. Ukumbini mwanga wa jukwaani haubadilikibadiliki kama wa nje, ukishaupata umeupata, wakibadilisha taa ndio unarekebisha. 1300D haina kile kipimo cha nukta lakini ina cha sehemu ya katikati, kinasoma kama asilimia 10 ya picha, kiweke hicho, sogea mpaka uso wa mtu ujaze pale katikati ndio usome. Ila hapa watu wengi hawaelezwi, ukisoma uso wa mtu mweusi kweli ukaifuata kamera ilivyosema, itamfanya awe kijivu cha katikati, yaani mweupe kuliko alivyo, na ndio hapo rangi ya ngozi inapotea. Punguza kidogo, theluthi mbili ya stopu au stopu nzima (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu) kwa mtu mweusi sana, kwa maji ya kunde acha ilivyo. Piga moja, angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, hakikisha gauni halijagonga ukuta wake wa kulia, yaani halijaungua. Ukifanya hivyo wakati watu wanaingia ukumbini, maharusi wakifika umeshamaliza.

La pili RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, na hili anza leo maana halina gharama. JPEG inahifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya hiyo kamera yako ni biti 14, ngazi 16,384. Ule uso uliozama ndani ya JPEG umebaki na ngazi chache sana, ukiinyanyua unazivuta mbalimbali, ndio ule ukijivu na chengachenga. Faili moja ni kama MB 25 kwa hiyo nunua kadi nyingine, usitegemee moja.

Lenzi sasa. Hiyo 18-55 ukivuta mpaka 55 inafunguka mwisho f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo ndio mwanga mwingi unaingia). Canon 50mm f/1.8 STM inapitisha mwanga karibu mara kumi ya hapo, yaani pale ulipokuwa unalazimisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 6400 unaweza kupiga 800 na chengachenga zikapungua. Ni ndogo, gramu 160, bei yake mpya huko nje kwa miaka ilizunguka dola 125 na mitumba ipo mingi. Kwenye kamera yako yenye sensa ndogo itakaa kama 80mm, tamu kwa uso na kwa watu wawili, kwa kundi la ukoo mzima utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni, kwa hiyo makundi endelea na 18-55 lakini kwa flashi ya maana.

Na flashi ndio ningeiweka mbele ya vyote. Ile ya kamera ni ndogo na imekaa juu kabisa ya lenzi, inampiga mtu usoni moja kwa moja, jasho na mafuta yote ya paji yanarudi kwenye lenzi. Ngozi yetu inapendeza mwanga ukitoka pembeni na ukiwa mpana, kwa sababu uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha unakuja na ule mng'ao laini unaochora shavu, pua, taya. Godox TT600 ni ya mkono, yaani nguvu yake unaipanga mwenyewe, lakini ina redio ndani yake, na trigga yake moja (kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha kwa redio), unaitoa flashi juu ya kamera unaisimamisha kwenye stendi pembeni ya jukwaa ukaiwekea mwavuli mweupe. Nakwambia kweli utaona picha zako zimehama daraja usiku mmoja.

Kisauni_Clicks

Dadangu salama, niko Mombasa na hali zetu ni moja. Naunga mkono aliyenitangulia, ila kwa hizo taa za zambarau yafaa ujue kitu. Zile LED za bluu na zambarau hazina rangi nyingine ndani yake, kijani hakipo, kwa hiyo upande wa bluu wa sensa unajaa pomoni na kijani kinabaki kitupu, uso unakuwa doa moja la rangi bila alama ya ngozi. Hapo waiti balansi, ile ya kurekebisha rangi ya mwanga, haikusaidii, hata RAW haikusaidii, kitu ambacho hakikuingia huwezi kukitoa. Njia ni mbili tu, ama umpigie flashi uso upate mwanga mweupe wake na zambarau ibaki nyuma iwe pambo, ama ile picha uigeuze nyeusi na nyeupe, na kuna za ngoma zikipigwa hivyo hupendeza sana.

Mimi nina desturi kabla shughuli haijaanza naenda kwa yule mtu wa taa, namsalimia vizuri, namwambia ndugu yangu wakati wa kuingia maharusi na wakati wa keki niwekee nyeupe tafadhali. Wengi hawakatai, hawajawahi kuambiwa tu.

Kisha kuna ile mistari myeusi inayopita kwenye picha chini ya taa za ukumbi, ukiiona usidhani kamera imekufa. Umeme wetu ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, weka shata 1/100 au 1/50 ya sekunde mistari itaondoka.

Na kwa vile mko pwani kama sisi, lenzi usiiache ndani ya begi la kitambaa. Unyevu wa bahari unaotesha fangasi ndani ya vioo, inaanza kama uzi wa buibui mdogo pembeni, mwisho picha zote zina ukungu. Chukua dumu la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, tia silika jeli, na kile kipimo kidogo cha unyevu, shikilia asilimia 40 hadi 50. Ukienda kununua lenzi ya mtumba imulike na tochi ya simu kutoka nyuma, fungua apecha (tundu la mwanga) yote, fangasi utaiona. Yenye fangasi iache hata wakikupa bei ya bure.

mzee_wa_studio

Nimesoma yote, vijana mmeeleza vizuri. Nataka kuongea na huyu aliyesema mfanye mteja mweupe.

Kijana wangu, mimi nimeanza na filamu. Enzi zile maabara zilikuwa zinapokea kadi za kupimia rangi kutoka Kodak, na picha kwenye kadi ni ya mwanamke Mzungu, mafundi wakaziita Shirley, jina la yule wa kwanza aliyepigwa. Mashine ya kusafishia inapangwa mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, halafu hapohapo zinapitishwa picha zetu. Ndio maana ukifungua albamu za wazazi wetu unakuta sura ni meno na macho. Waliofanya Kodak warekebishe rangi za kahawia kwenye miaka ya 70, kwa mujibu wa utafiti wa Lorna Roth wa Kanada, kwa sehemu kubwa ni wenye viwanda vya chokoleti na wa fanicha za mbao waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Watu weusi tulikuwepo miaka yote hiyo. Google wenyewe wamekuja kutangaza kamera ya simu iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi mwaka 2021, kwenye Pixel 6.

Sasa leo vifaa vinaweza, kamera ya bei ndogo kabisa inaweza, halafu sisi wenyewe ndio tukae tumfute binti wa watu rangi aliyozaliwa nayo siku ya harusi yake? Hiyo picha itaning'inia sebuleni miaka hamsini, wajukuu watamtazama bibi ambaye hakuwa yule. Mimi kwangu mteja akiniomba weupe namwonyesha kwanza picha yake niliyoipiga na mwanga mzuri, ngozi inang'aa, kope zinaonekana, wengi wakijiona hivyo hawarudii tena ombi lao. Wanaomba weupe kwa sababu hawajawahi kujiona wamepigwa vizuri.

Pixel_Boy255

Shikamoo mzee. Nimekuelewa na historia hiyo sikuijua. Ila kuna mteja anashikilia kabisa na amelipa, huyo unafanyaje?

mzee_wa_studio

Marahaba. Namuondolea chunusi, namuondolea jasho, macho mekundu nayarekebisha, mikunjo ya uchovu naipunguza. Hivyo vyote vinapita. Rangi yake siigusi na namwambia mapema kabla hajatoa hela ya kianzio. Wapo walioondoka kwenda kwingine, na mimi sijafunga studio.

NoorEdits

Kwenye programu niseme mimi maana ndio kazi yangu, naeditia wapiga picha wengine. Dada priseti usinunue. Priseti nyingi zimetengenezwa juu ya ngozi nyeupe na mwanga wa Ulaya, ukiiweka kwenye picha ya ukumbini Tanga inavuta rangi ya chungwa chini na vivuli inavitia bluu, matokeo ndio hiyo ngozi ya majivu.

Lightroom ni nzuri sitaki kudanganya, ile kumchagua mtu, uso, ngozi kwa kubofya tu inaokoa muda mno. Ila toleo lake kamili ni la kulipia kila mwezi kwa dola, na kile kifurushi cha dola 9.99 chenye GB 20 walishakifunga kwa wateja wapya Januari 2025. Kama kazi haijawa ya kila wiki sioni haja. Zile za kukraki, za wizi, achana nazo kabisa, unaweka picha za harusi za watu kwenye mashine ambayo hujui nani kaingia humo ndani, siku ikifunga mafaili yote utamwambia nini mama wa bibi harusi.

Wewe una Canon, kwenye tovuti ya Canon kuna programu yao inaitwa Digital Photo Professional, bure, wanakuuliza namba ya kamera tu iliyoandikwa chini. Inafungua RAW zako na rangi zilezile za Canon unazozizoea, na kwa ngozi zetu rangi hizo zimetulia. Ni nzito nzito na sio nzuri kwa macho lakini kwa kuanzia RAW sijaona rahisi kuliko hiyo. Ukishazoea nenda darktable, nayo bure, inafanya karibu kila kitu. Watu wengi wanaikimbia siku ya kwanza kwa sababu ukifungua picha inaonekana imepoa, haina maisha, na vitufe ni msitu. Usiviguse vyote. Mimi natumia exposure kuuweka uso sawa, sigmoid kwa kontrasti, tone equalizer kuinua uso bila kugusa gauni, denoise kuondoa chenga, basi. Nne hizo zinamaliza harusi nzima. Unaediti picha moja ya kila mwanga halafu unakopi kwenda kwa zile zinazofanana.

Ila RAM 4GB itakutesa, hapo sikufichi. Kama hiyo laptopu inakubali iongezwe ifike 8 au 16 na itolewe diski ya zamani iwekwe SSD, ni pesa ndogo kuliko laptopu mpya.

Kuhusu kusafisha, picha kutoka nyeusi kuliko kioo sababu yake mara nyingi ni kioo chenyewe. Unaediti usiku mwanga wa kioo umepandisha mwisho, jicho lako linaona picha inang'aa, unaishusha bila kujijua. Karatasi haina taa nyuma yake. Shusha mwanga wa kioo mpaka karatasi nyeupe ukiishika pembeni chini ya taa ya chumbani zifanane, zima ile ya kujirekebisha yenyewe, halafu peleka picha tatu nne ndogo za majaribio maabara, rudi nazo ukae uzilinganishe na kioo. Faili toa kwa mpangilio wa rangi wa kawaida, sRGB, ukiwapa ule mpana wa Adobe RGB kwenye mashine nyingi za kusafishia rangi zinatoka zimekufa. Na ukubwa, inchi 8 kwa 12 inataka pikseli 2400 kwa 3600, kamera yako ya megapikseli 18 inazo na chenji inabaki, kwa hiyo hata hiyo hoja ya kwamba kamera ni ndogo kwa albamu haina mashiko.

DadaLenzi_Tanga

Jamani asanteni, Mungu awabariki wote, na shikamoo mzee nimekusoma mpaka nimesisimka. Nimeshaibadilisha iwe RAW leoleo. Nina maswali matatu tu kwa FundiMwanga. Moja, kuna mtu ananiuzia 2000D kwa bei nzuri niwe na kamera mbili, niichukue? Mbili, kumbi za huku nyingine zina dari nyeupe nyingine ni bati tupu juu, flashi naielekeza wapi. Tatu, kama fulfremu siku moja nitainunua ni ipi ya kuangalia kwa mtumba.

FundiMwanga

2000D iache dada. Angalia pale juu unapochomeka flashi, Canon kwenye 2000D, 4000D na 250D walitoa ile nukta ya chuma ya katikati, na flashi za mkono kama TT600 zinategemea nukta hiyohiyo ili ziwake, utachomeka na haitawaka. 1300D yako inayo. Ukitaka kamera ya pili chukua 1300D nyingine au 700D.

Dari nyeupe isiyo juu sana elekeza kichwa cha flashi juu na nyuma kidogo ya bega lako, mwanga unarudi mpana kama wa dirisha. Bati achana nalo, linatupa mwanga ovyo na kama lina rangi linaileta mpaka kwenye ngozi ya watu. Ukumbi wa bati ni stendi na mwavuli pembeni, nyuzi 45 hivi kutoka kwenye uso na juu ya usawa wa kichwa, shata usivuke 1/200 maana kamera yako mwisho wake ni hapo ikiwa na flashi, ukivuka utapata upande mmoja wa picha mweusi. Taa za ukumbi zikiwa za njano, funika flashi na ile karatasi ya rangi ya chungwa wanayouza kwa seti, zifanane, uso usitoke bluu na ukuta njano. Stendi ifunge na mfuko wa mchanga, watoto wanakimbia sana kwenye harusi.

Fulfremu ya mtumba, Canon 6D ya 2012 itapokea hiyohiyo 50mm yako, na nukta yake ya fokasi ya katikati inashika gizani vizuri mno, ila ina nafasi moja ya kadi. Nikon D750 ya 2014 ina nafasi mbili za kadi na vivuli vyake unaweza kuviinua sana bila kuharibika, lakini hapo unaanza upya na lenzi. Yoyote utakayoiona uliza shata imepiga ngapi, 6D wameikadiria 100,000 na D750 150,000, ikishapita sana punguza bei au ondoka. Hiyo iwe ya mwakani.

Kwa sasa kwenye hiyo milioni na nusu fuata mpangilio huu, flashi na trigga na stendi na mwavuli kwanza, halafu 50mm, halafu kadi mbili na betri za kuchaji za flashi seti mbili, halafu RAM na SSD kwa mdogo wako ambaye nadhani atafurahi. Kitakachobaki kiweke. Na kabla ya harusi inayofuata waite ndugu zako wawili watatu wa rangi tofauti za ngozi, mmoja avae nguo nyeupe, uwasimamishe sebuleni usiku na hiyo flashi mpaka mkono uzoee, ukiwa na picha zilete hapa tuziangalie pamoja.

Kisauni_Clicks

Hizo betri za kuchaji chukua zile za NiMH zinazotunza chaji, na uziandike namba seti A na B ili zisichanganyike. Ukichanganya iliyojaa na iliyoisha flashi inachelewa kuwaka, na pete ikivalishwa hairudiwi.

DadaLenzi_Tanga

Nimeandika yote kwenye daftari. Kaka yangu na shangazi wamekubali kusimama Jumamosi, nitaleta picha na RAW zake.